Mtu Aliyesoma Ukuta Mtupu

Tata Mukalayi alinisomea mstari wa kumi wa chati ya macho, ule wa herufi ndogo kabisa, herufi zote nane, bila kusita na bila kukosea hata moja, siku ambayo ukutani hapakuwa na chati.

Mafundi walikuwa wamepaka chumba changu chokaa siku iliyotangulia. Chati ilikuwa sakafuni, imeegemezwa kwenye kabati, uso wake umegeukia mbao, nami nilikuwa natafuta nyundo. Mlinzi wa foleni hakujua. Alifungua mlango, akamruhusu mtu wa kwanza. Tata Mukalayi alikuwa dereva wa lori la karieri, yaani machimbo ya wazi, lile ambalo gurudumu lake moja linanizidi kimo. Aliingia kama walivyoingia wote: kiganja kimeshaziba jicho la kushoto, hatua nne kutoka mlangoni, akasimama kwenye mstari mwekundu uliochorwa sakafuni.

“Bonjour, Mama Macho,” akasema. Kabla sijafungua kinywa, akaanza: “H, N, A, D, U…”

Nilimwacha amalize. Alisoma kwa sauti ya mtu mwenye haraka ya kwenda kazini. Kisha nikamwambia abadilishe jicho. Kiganja kikahama kutoka kushoto kwenda kulia, na jicho la kushoto likaanza kutafuta ukutani.

“Mama,” akasema, “chati iko wapi?”

“Ile yenye umesoma sasa hivi, tata, ilikuwa wapi?”

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sufuria ya jirani. Halafu kicheko kikakatika. “Mama, usiandike,” alisema. “Nakuomba. Usiandike.”

Alikuwa ameendesha lori lile msimu mzima wa mvua na msimu mzima wa kiangazi akiwa na jicho moja. Karatasi iliyomruhusu ilikuwa na sahihi moja ya chumba cha macho. Sahihi hiyo ni yangu.

Sasa nimestaafu. Ninaishi Manika, hapa Kolwezi, karibu na kanisa ambalo kwaya yake haijui kuimba polepole, na vijana wanaosomea uuguzi huja kuniuliza kazi ilikuwaje zamani. Wanataka niwasimulie juu ya vifaa. Nitawasimulia juu ya vifaa, lakini kwanza nawaambia nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Kosa langu halikuanza siku ile ya chokaa. Lilianza siku nilipokubali kusahau nilichofundishwa siku yangu ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa Sandoa, katika hospitali ya misheni. Nilifika na diploma, viatu vyeupe vipya na kiburi cha kutosha. Mkuu wa chumba cha macho alikuwa mtawa mfupi mwenye miwani mizito, mzaliwa wa hukohuko, ambaye kila mtu alimwita Sista Mkuu. Alinipa kitambaa akaniambia nifute benchi ya mbao iliyokuwa barazani. Nikafuta. Akaniambia nikae juu yake. Nikakaa. Akaniinua kidevu na kunitia tone moja katika kila jicho.

“Sista, mi haina mugonjwa!”

“Najua. Leo utakaa hapa sawa bale bagonjwa. Kesho hautabasukuma.”

Nilikaa pale asubuhi yote. Mwanga wa ua ulinichoma mpaka nikajifunika kichwa kwa kitambaa kama wanawake wengine wa benchi ile, nao wakanicheka: “Mama mwenye viatu vyeupe, nawe unakuya kutafuta macho?” Nilipopewa daftari nisome, mistari ilikuwa ukungu mtupu. Ilipofika jioni ndipo herufi ziliporudi mahali pake.

Matone yale hupanua mboni, kile kiduara cheusi cha katikati ya jicho. Mboni ikiwa ndogo, kutazama ndani ya jicho ni sawa na kuchungulia nyumba kupitia tundu la ufunguo. Ikipanuka, mlango umefunguka. Mganga hushika ofthalmoskopu, kifaa kidogo chenye taa na lenzi, sisi tuliita kitochi, na kutazama mpaka nyuma kabisa, kwenye retina, ile ngozi laini inayopokea picha na kuipeleka ubongoni. Sista Mkuu alipoona macho yangu yamefunguka aliniweka mbele ya mgonjwa, akanishikisha kitochi na kuniuliza nimeona nini.

“Mishipa ya damu, Sista.”

“Mwili muzima, bila kisu, ni hapa tu utaona mishipa ya mutu ikiwa nzima, damu inapita ndani. Mungu alituachia dirisha moja. Usilipite bila kuchungulia.”

Alikuwa na kanuni nyingine, nami niliicheka mwanzoni. Mgonjwa wa macho akifika, usimuulize kwanza anaona nini. Muulize anakunywa maji kiasi gani, anakojoa mara ngapi, na kama sisimizi hujaa pale alipokojoa. Kanuni hiyo ilitugundulia watu wengi wenye ugonjwa wa sukari waliodhani wanahitaji miwani tu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu kuta za mishipa midogo, na hakuna mishipa midogo kama ile ya retina. Mwanzoni inavuja matone ya damu na maji. Baadaye mingine inaziba. Retina inayokosa damu huotesha mishipa mipya, lakini mishipa hiyo ni dhaifu, haifai kitu, na siku moja inapasuka na kulijaza jicho damu.

Shikeni neno hili, kwa sababu ndilo lililowaponza wengi: hakuna maumivu. Jicho haliwashi, halitoi machozi, haliwi jekundu kwa nje. Mtu anaweza kusoma mstari wa kumi huku nyuma ya jicho kunaharibika. Anakuja kwako siku ya mwisho akidhani ni siku ya kwanza.

Kutoka Sandoa nilihamishiwa Dilolo, mpakani, katika kituo kidogo kilichokuwa chini ya daktari mmoja aliyefanya kila kitu, toka kuzalisha mpaka kung’oa meno. Huko nilijifunza upande wa pili, yaani presha, ambayo kwetu tunaiita tansyo. Aliletwa karani wa forodha ambaye kwa siku tatu alikuwa akigonga mihuri nje ya karatasi. Wenzake walidhani amelewa. Walimpitisha sokoni kwa maneno makali kabla ya kumleta kwetu.

“Mutie matone,” daktari akaniambia, “wakati mi napima mukono.”

Nilitazama nyuma ya jicho. Mishipa ilikuwa imekonda kama uzi, damu imevuja kwa michirizi inayofanana na ndimi za moto, na mahali ambapo neva ya jicho huingilia palikuwa pamevimba. Daktari alipoona namba ya kipimo chake hakuniruhusu hata kumaliza maelezo. Karani alilazwa siku hiyohiyo, presha ikashushwa polepole kwa dawa, na baada ya wiki kadhaa alikuwa anagonga mihuri ndani ya karatasi. Kama tungempa miwani na kumrudisha kazini, angeanguka na kiharusi palepale forodhani. Jicho ndilo lililomwokolea ubongo. Nilidhani baada ya hapo sitahitaji kukumbushwa tena.

Kisha nikapata kazi Kolwezi.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Ilichimba shaba, ilikuwa na zahanati safi kuliko zote nilizowahi kufanyia kazi, yenye vigae, jenereta na friji ya dawa. Kila mfanyakazi alipimwa mara moja kwa mwaka ili ijulikane kama anafaa kazi. Ukumbi wa zahanati ulikuwa na milango miwili iliyotazamana. Mlango wa kushoto ulikuwa wa Mama Odia, muuguzi aliyepima tansyo na sukari. Mlango wa kulia ulikuwa wangu. Kati ya milango hiyo kuna hatua tano. Nilizihesabu baadaye, nilipokuwa na sababu ya kuzihesabu.

Mama Odia aliandika namba zake kwenye kadi ya njano iliyobaki kabatini kwake. Mimi niliandika mistari ya chati kwenye kadi nyeupe iliyobaki kabatini kwangu. Kwa Mganga Mkuu wa kampuni zilikwenda orodha za waliopimwa tu, kila chumba kwa njia yake, katika siku tofauti. Mama Odia na mimi tulikula pamoja, tukashona vitenge vya aina moja kwa ajili ya sikukuu ya wanawake, tukazikiana ndugu. Hatukuwahi kuweka kadi mbili za mtu mmoja juu ya meza moja. Hakuna aliyetukataza. Ndivyo kazi ilivyokuwa imepangwa, na sisi tulikuwa wafanyakazi wazuri.

Wiki yangu ya kwanza nilitoa chupa ya matone kwenye friji. Mganga Mkuu alikuwa mtu mrefu, mwenye adabu, aliyeingia chumbani bila kukanyaga kwa nguvu. Akaichukua chupa mkononi mwangu taratibu.

“Mama, hii ya nini?”

“Ya kutazama nyuma ya jicho, dokta. Kwenye kadi kuko na kisanduku chake.”

“Mama, matone yako inakula posti. Mutu akitoka hapa haone kitu mpaka jioni, nani atashusha kamio mu shimo? Weye?”

Posti ndiyo zamu ya kazi, kamio ni lori. Dereva mmoja akikosa zamu, lori linalala, na lori likilala kuna mkubwa anayepiga simu. Nikamuuliza kile kisanduku cha “nyuma ya jicho” nikijaze nini. Akafungua droo yake, akanipa mhuri mdogo wa mpira wenye herufi tatu: R.A.S. Kwa Kifaransa maana yake hakuna la kuripoti.

Niligonga mhuri huo kwa miaka kumi na moja. Sikudanganya kwa maneno, niligonga tu. Hakuna la kuripoti, kwa sababu hakuna aliyetazama. Kila nilipougonga nilimkumbuka Sista Mkuu, na baada ya miaka michache sikumkumbuka tena, na hilo ndilo baya zaidi.

Ule utaratibu wa kuingia kiganja kikiwa kimeziba jicho la kushoto, nao ulikuwa wa Mganga Mkuu. Alitaka foleni nzima iishe kabla ya saa sita. Jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye, bila mazungumzo. Na chati ilikuwa ileile, msumari uleule, mwaka baada ya mwaka. Madereva walikuwa wakiikariri barazani kwa sauti, kama watoto wa katekisimu. Nilikuwa nikiwasikia kupitia dirisha, wakicheka, wazee wakiwafundisha wageni. Nilidhani wanataniana. Wenyewe waliita kusali. “Umesali?” wanaulizana. “Nimesali mpaka amina.” Kuna aliyeniambia usoni, “Mama Macho, sala yako ni fupi, ongeza beti,” nami nikacheka pamoja naye.

Kwa nini walisali? Fomu ya mwisho, ile niliyoijaza mimi kwa kila dereva na iliyokwenda kwa Mkuu wa Wafanyakazi, ilikuwa na visanduku viwili tu: Anafaa, Hafai. Dereva aliyeandikiwa Hafai aliondoka kazini, na siku aliyoondoka alirudisha kadi ya matibabu, yake, ya mke na ya watoto. Someni tena sentensi hiyo. Kampuni ilikutibu maadamu hujagunduliwa kuwa mgonjwa. Ukigunduliwa, matibabu yamekwisha. Halafu tulikuwa tukikaa mikutanoni na kulalamika kwamba wafanyakazi wanaficha magonjwa yao, kwamba hawajaelimika, kwamba wanapenda dawa za kienyeji.

Basi, siku ile ya ukuta mtupu, nilimkalisha Tata Mukalayi kwenye kiti nikafunga mlango.

“Jicho la kulia liliharibika wakati gani?”

“Mvua ya mwaka jana. Niliona kama mutu amemwaga wino mweusi. Utando, sawa nyuzi za buibui. Asubuhi ingine, giza.”

“Na haukusema?”

“Niseme kwa nani, mama? Weye?” Hakusema kwa ubaya. “Hii ya kushoto inaona. Naendesha muzuri. Nageuza kichwa tu.”

“Uko na sukari?”

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kama ana pua. “Mama Odia anajua. Kila mwaka ananigombeza.”

Nilivuka ukumbi. Hatua tano. Mama Odia alitoa kadi ya njano bila hata kuitafuta sana. Sukari ya Tata Mukalayi ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu, mwaka baada ya mwaka, na tansyo vilevile, wino mwekundu chini ya wino mwekundu. Niliiweka juu ya kadi yangu nyeupe iliyojaa R.A.S.

“We unaandika nyekundu kwa nani?” nilimuuliza.

“Kwa kabati,” akasema. Kisha akaketi. “Nawe ulikuwa unagonga kwa nani?”

Nilirudi chumbani, nikatoa kwenye friji, nyuma ya chanjo, chupa ya matone ya mwaka ule, nikamtia Tata Mukalayi macho yote mawili. Nje foleni ilikuwa inanung’unika. Mlinzi aligonga mlango mara mbili. Nikamwambia aende akawaambie watu wakae, leo kuna la kuripoti.

Jicho la kulia lilikuwa limejaa damu ya zamani, kitochi hakikupenya. La kushoto, lile alilokuwa analitegemea, lilikuwa na mishipa mipya pembezoni, imejikunja kama mizizi ya nyasi, na uvimbe umeanza kukaribia katikati, mahali ambapo mtu husomea na kutambulia nyuso. Lakini halikuwa limekufa. Kwa jicho la namna hiyo kuna matibabu ya leza: miale inayochoma sehemu za retina zenye njaa ya damu ili zisioteshe mishipa mingine. Leza hairudishi kilichopotea. Inalinda kilichobaki, ikiwahi. Leza hiyo ilikuwepo Lubumbashi.

Nilimwambia yote hayo. Alisikiliza huku machozi ya dawa yakimtiririka, mboni zimepanuka kama za paka.

“Kwa hiyo jicho hili bado liko na dawa,” akasema.

“Liko na dawa. Lakini leo haushuke mu shimo.”

“Mama, leo, ao siku zote?”

Nilichukua fomu yake mezani, naye akaelewa.

Fomu yenye visanduku viwili niliishika mkononi muda mrefu. Nikiandika Anafaa, anaweza kuua mtu na kujiua. Nikiandika Hafai, anapoteza kadi ya matibabu siku ileile anayoihitaji. Nikachora kwa kalamu kisanduku cha tatu katikati. Ndani yake nikaandika: afanye kazi nyingine isiyo ya usukani, jicho la kushoto litibiwe kwa leza haraka, sukari na presha vidhibitiwe kabla na baada. Nikatia sahihi yangu, jina zima.

Mkuu wa Wafanyakazi aliniita kesho yake. Mganga Mkuu alikuwepo, amekaa pembeni, anatazama vidole vyake.

“Mama, nani amekuruhusu kuchora mu fomu?”

“Hakuna, shefu.”

“Visanduku ni viwili. Mashine ya ofisi inasoma viwili. Chagua kimoja.”

“Mutu huyu haiko kimoja kati ya vile viwili.”

Mganga Mkuu akainua kichwa. “Shefu, mama ana haki kwa upande wa matibabu,” alisema. Niliona mlango unafunguka. Kisha akaongeza, “Lakini alikiuka utaratibu kwa kutumia matone saa za kazi.” Na mlango ukafungwa.

Tata Mukalayi alipewa likizo ya kusubiri. Neno zuri hilo, kusubiri. Hakuwa amefukuzwa, hakuwa anafanya kazi, na kadi yake ya matibabu ilisimamishwa “mpaka faili likamilike.” Ukoo wake na watu wa kanisa lao walichanga, akaenda Lubumbashi kwa basi, akachomwa leza mara moja tu, pesa ikaishia hapo. Daktari wa huko aliandika kwamba zinahitajika mara nyingine tatu, bila kuchelewa. Tukapeleka karatasi hiyo kwenye kampuni. Nilipeleka mwenyewe, kwa mikono yangu, pamoja na kadi ya njano na kadi nyeupe zilizobanwa pini moja, kwa mara ya kwanza katika historia ya zahanati ile.

Jibu lilikuja nilipokuwa nimebakiza miezi michache ya kustaafu. Lilikuwa fupi na limeandikwa vizuri. Lilisema kwamba kampuni imepitia faili. Kwamba kwa miaka minne mfululizo uchunguzi wa nyuma ya jicho wa mfanyakazi huyo ulionyesha R.A.S.; kwamba chumba cha macho chenyewe kilithibitisha hivyo kwa mhuri na sahihi; kwa hiyo ugonjwa haukuwepo katika muda huo, umetokea ghafla, na kampuni haiwajibiki kuugharimia.

Nilisoma barua ile nimesimama ukumbini, kati ya milango miwili. Mhuri wangu. Miaka kumi na moja nilijiambia kwamba R.A.S. haimdhuru mtu, ni wino tu. Wino huo ndio uliosimama mahakamani kwao kama shahidi, na ukashinda.

Wakanifanyia sherehe ya kustaafu. Keki, soda, kitenge, hotuba. Mganga Mkuu alisema katika miaka yangu yote hakukuwa na malalamiko hata moja kutoka chumba cha macho. Watu wakapiga makofi. Mama Odia hakupiga.

Wiki iliyofuata nilikaa mezani kwangu nikaandika barua ya ushuhuda. Niliandika kwamba mimi, muuguzi wa macho wa zahanati ile, niligonga R.A.S. kwenye kadi za Tata Mukalayi bila kuwahi kutazama nyuma ya macho yake. Kwamba si yeye peke yake, bali wote. Kwamba sukari yake ilikuwa ikijulikana hatua tano kutoka kwangu. Kwamba mihuri ile si uchunguzi na haiwezi kutumiwa dhidi yake. Mwanangu aliisoma akashika kichwa. “Mama, pensheni yako! Hii ni kujifunga kamba mwenyewe.” Nikamwambia sahihi ya kwanza niliitia bila kufikiri, hii nimeifikiria sana. Niliipeleka ofisi ya Mkuu wa Wafanyakazi na nakala yake wakaigonga mhuri: Imepokelewa.

Vijana wangu, mlitaka niwaambie kuhusu kazi. Kazi ni hii. Mgonjwa wa sukari au wa presha akija kwenu kwa sababu yoyote, hata ya jino, ulizeni ni lini mtu alimtazama nyuma ya macho baada ya kumtia matone. Atazamwe siku anayogundulika, na atazamwe tena kila mwaka, hata kama anawasomea chati nzima huku anapiga mluzi. Wekeni kadi mbili juu ya meza moja. Mkipewa mhuri wa kujaza kisanduku cha uchunguzi ambao hamkuufanya, urudisheni kwenye droo ulikotoka. Watawaambia matone yanakula posti. Ni kweli, yanakula posti moja. Mnajua sasa kinacholiwa yasipotiwa.

Kila Alhamisi asubuhi Tata Mukalayi huja nyumbani kwangu. Mke wake humleta mpaka kwenye kona ya barabara, kipande kilichobaki anatembea mwenyewe ili asionekane anashikwa mkono. Ninapima presha, tunazungumza juu ya ugali na kiasi chake, ananidanganya kidogo kuhusu soda. Kisha anasimama kwenye mstari niliouchora kwa chaki barazani. Chati naiandika mwenyewe kila wiki nyuma ya kalenda ya zamani, herufi nyingine kabisa, kwa ukubwa uleule.

“Umebadilisha tena?” aliniuliza Alhamisi iliyopita. “Mama Macho, hauniamini?”

“Mutu aliyenisomea ukuta, nimuamini namna gani?”

Akacheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaziba jicho la kulia, ambalo halihitaji tena kuzibwa, na akasoma polepole, herufi moja moja, kwa uaminifu wote.

Kiangazi kilichopita alifika mstari wa saba. Mwezi uliopita, wa sita. Alhamisi alisimama kwenye wa tano, akajaribu herufi ya kwanza ya wa sita mara tatu, akashusha mkono. Leza tatu zilizobaki hajachomwa. Barua yangu iliyogongwa Imepokelewa bado haijajibiwa.